Tela Halina Macho

Dereva aliichomoa pini akanipa niishike. Ilikuwa kipande cha nondo, urefu wa shubiri moja na kidogo, kimekatwa kwa msumeno upande mmoja na kugongwagongwa kwa nyundo upande wa pili hadi kikapata kichwa. Katikati, pale inaposuguana na tundu la mkono wa tela, ilikuwa imelika ikabaki nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Chini yake, mahali pa klipu ya kuizuia isiruke, palisokotwa waya ule ule wanaofungia nondo kwenye ujenzi. Hicho ndicho kilichounganisha trekta na tela la miwa, safari baada ya safari, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, inakopita mabasi, bodaboda na watoto wa shule.

"Ikikatika?" nikamwuliza.

"Haijawahi, kaka."

Hakuwa mzembe. Tairi zake zilikuwa nzima, grisi ilikuwa mbichi kwenye viungo, na alisimama na mimi juani kwa subira kunieleza kazi yake. Lakini jibu lake nimelisikia kwa wengi mno: kwa wenye malori, kwa mafundi wa zege, kwa vijana wa pawatila. Haijawahi. Chuma kinapolika hakitoi sauti. Jana yake kabla ya kukatika kinavuta mzigo sawasawa na siku kilipokuwa kipya.

Tela ni chombo cha ajabu barabarani. Halina injini, halina usukani na halina macho. Likichomoka halina mtu ndani yake wa kukanyaga breki wala kupiga honi, na chochote kilicho mbele yake kitagongwa, kiwe ukuta, kibanda cha chipsi au mama aliyebeba mtoto. Ndiyo maana usalama wake wote unawekwa kabla ya safari. Dereva wa gari dogo anaweza kurekebisha kosa lake akiwa njiani. Mwenye tela, mara nyingi, nafasi hiyo hana.

Basi tuanze na pini. Pini ya kweli ni ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, inajaa kwenye tundu lake bila kuchezacheza sana, na ina tundu dogo chini la klipu. Nondo ni chuma laini cha kujengea. Kazi yake ni kukaa ndani ya zege, haikuundwa isuguliwe na kugongwa mara elfu kwa siku. Kila trekta linapoondoka na kila linapopunguza mwendo, tela huigonga pini kama nyundo. Ichomoe mara moja kwa wiki, ifute grisi kwa kitambaa, kisha upitishe ukucha juu yake kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini hiyo imekwisha. Usiigeuze upande wa pili ukaendelea nayo. Itupe. Tazama na matundu yenyewe, kwa sababu pini mpya kwenye tundu lililotanuka na kuwa kama yai haitadumu.

Halafu weka minyororo. Nimeona matela mengi sana katika maeneo ya kilimo, na yenye mnyororo wa akiba nayahesabu kwa vidole. Minyororo inatakiwa miwili, ipishane kwa msalaba chini ya mkono wa tela. Inapopishana hivyo, pini ikikatika mkono huangukia juu ya minyororo na kubebwa, badala ya kuchimba lami na kulipindua tela. Iache na ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini isiburuzike chini, kwa maana mnyororo unaoburuzika nao hulika.

Breki ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Trekta la kawaida la nguvu za farasi 75 lina uzito wa tani mbili na nusu hadi tatu hivi. Nyuma yake tunafunga tela ambalo likijaa miwa, mpunga au tofali linaweza kuwa na uzito mara mbili au mara tatu ya huo, na tela lenyewe mara nyingi halina breki hata moja. Kwenye tambarare utaona kila kitu kiko sawa, kwa sababu injini ina nguvu ya kuvuta. Kuvuta na kuzuia ni vitu viwili. Mteremko ukianza, tela ndilo linalosukuma. Tairi za nyuma za trekta zinateleza, tela linakuja kwa ubavu, na trekta linakunjwa au kupinduliwa juu ya dereva wake. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu unayotakiwa kuizima inaongezeka mara nne, hivyo kilometa 30 kwa saa, ambazo kwenye gari ni mwendo wa kunyata, kwa trekta lenye tela lisilo na breki tayari ni mwendo wa hatari.

Kuna jambo moja la trekta ambalo hata baadhi ya wamiliki hawalijui. Trekta lina pedeli mbili za breki, ya kulia na ya kushoto, kila moja ikishika tairi lake. Shambani hilo ni msaada mkubwa: mwisho wa tuta unakanyaga moja, trekta linazunguka palepale. Barabarani ni balaa. Ukikanyaga moja tu kwa mwendo wa lami, trekta linageuka ghafla mbele ya tela lililojaa. Pedeli hizo zina kipande cha chuma cha kuzifunga pamoja, na kinatakiwa kifungwe kabla tairi la mbele halijagusa barabara kuu. Kwenye matrekta mengi makuukuu kipande hicho kimeshapotea. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi.

Kwenye mteremko, chagua gia ndogo ukiwa bado juu, kabla hujaanza kushuka. Usikanyage klachi ukishuka, na usiachie fri kwa ajili ya kuokoa mafuta, maana injini ndiyo breki yako kubwa na ukiiachia umebaki na tela peke yako.

Madereva wa semi-tela wana breki za upepo, na breki hizo zimetengenezwa kwa hekima. Mabomba mawili ya upepo yanatoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela, na lile jekundu ndilo linalobeba upepo wa akiba. Bomba hilo likipasuka au tela likichomoka, upepo unatoka na breki za tela zinajibana zenyewe. Yaani mfumo ukiharibika, gari linasimama. Kinachotokea njiani ni kwamba upepo unavuja, breki zinang'ang'ania, mzigo unachelewa, na utingo anaingia chini na spana kuzilegeza breki za tela ili safari iendelee. Wanaita kukata breki. Gari linaondoka, bosi anapigiwa simu kwamba limepona, na kumbe tani 30 za mzigo zinakwenda kushuka mteremko wa Kitonga au Sekenke kwa breki za kichwa peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ya mwaka 2016, inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56. Mzani wa barabarani utakuambia kama umezidisha. Hautakuambia kama breki zako zimekatwa.

Mzigo mzito ukikosa mwelekeo hauchagui wa kugonga. Juni 30, 2023, jioni, kwenye makutano ya Londiani, barabara ya Kericho kwenda Nakuru nchini Kenya, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo, likaparamia magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja usafiri kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa hata ndani ya chombo chochote. Walikuwa wanauza mboga, wanarudi nyumbani.

Sasa usiku.

Msimu wa miwa bonde la Kilombero huanza katikati ya mwaka, masika yakishakwisha, na jua huzama mapema kuliko kazi inavyokwisha. Mara kwa mara utakuta tela limejazwa hadi miwa inaning'inia nyuma kama pazia. Nyuma ya pazia hilo, kama ziko, ndiko ziliko taa. Nilishuka kwenye gari jioni moja nikasimama hatua 20 nyuma ya tela la namna hiyo lililokuwa limewasha taa zake zote mbili. Sikuona nuru hata kidogo. Niliona giza lenye umbo la mraba, na harufu ya miwa iliyochomwa.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Taa zikiwa dimu, kama inavyopasa unapopishana na mwenzako, zinakumulikia vizuri mita 40 au 50 hivi. Kusimama kabisa kutoka mwendo huo, kwenye lami kavu na kwa breki nzima, kunahitaji zaidi ya mita 50. Kwa hiyo dereva mzuri, ambaye hajalewa wala hasinzii, akikutana na tela jeusi lililosimama mbele yake, anaweza kuliona na bado asiweze kusimama. Hakuna ustadi wa kumwokoa hapo. Aliyeweza kumwokoa ni mwenye tela, siku tatu kabla, dukani, kwa kununua stika za kung'aa.

Stika hizo zinashinda taa kwa jambo moja: hazihitaji umeme. Tela likifunguliwa kwenye trekta halina betri. Trekta likienda kutafuta fundi, tela linabaki barabarani likiwa halina hata mshumaa, na hizo ndizo saa mbaya kuliko zote. Nyuma weka nyekundu, ubavuni za rangi ya machungwa, mbele nyeupe. Zibandike kwenye kingo kabisa, kulia na kushoto, ili anayekuja nyuma ajue upana wa kitu anachokutana nacho. Dereva akiona alama moja katikati, atadhani ni pikipiki. Kisha zifute. Vumbi la Kilombero, Mbarali au Kiru linaweza kuifunika stika kwa nusu siku, na stika yenye vumbi ni bati tu. Kama mzigo unaning'inia nyuma, taa na alama zihamie kwenye ncha ya mzigo: tengeneza ubao mwepesi wenye taa mbili na stika, ufunge kwa kamba mwisho wa miwa au mbao, waya wake ufike kwenye trekta.

Ukiharibikiwa, jitahidi kutoka nje ya lami kabisa, hata kama ni kwa kuiharibu tairi. Ikishindikana, weka pembetatu ya kung'aa hatua 100 nyuma, na nyingine mbele, na kwenye kona iweke kabla ya kona, si baada yake. Matawi tunayotandaza barabarani yanasaidia mchana. Usiku huonekana yakiwa yameshafika chini ya bampa. Yale mawe ya kuzuia tairi, tafadhali, yaondoe unapoondoka. Mwenye bodaboda anayekuja saa mbili baadaye hajui kwamba ulikuwepo. Tela likizuia njia usiku na huwezi kulisogeza, piga polisi 112 bila kungoja.

Nimesema mengi kuhusu chuma, na bado sijasema kuhusu watu. Tunapanda kwenye matela. Tunakwenda kupalilia, kuvuna, mnadani, msibani, kwenye mpira, watu 30 au 40 wamekaa juu ya magunia au wamening'inia kwenye kingo, na wengine wamesimama kwenye mkono wa tela, katikati ya trekta na tela, mahali ambapo ukiteleza unaangukia moja kwa moja mbele ya tairi. Najua kwa nini. Basi dogo halifiki huko, au nauli haipo, na mwenye trekta ni jirani mwema aliyesema pandeni. Lakini tela la mizigo halina kiti wala mahali pa kujishikilia, na likiinama kidogo mtaroni watu wanamwagika kama mahindi. Mwenye trekta, wema wako ni kukataa. Ukishindwa kukataa, basi wapeleke kwa safari mbili za mwendo wa mtu anayetembea, mchana, kwa njia ya shamba, na barabara kuu usiiguse.

Na watoto wa miwa. Kila aliyekulia jirani na kiwanda cha sukari anaujua mchezo huu: tela linapunguza mwendo kwenye tuta, watoto wanatoka mbio, wanadandia nyuma, wanachomoa muwa mmoja mmoja. Dereva hawaoni kwa sababu mzigo umeziba kioo, na hawasikii kwa kelele za injini. Anayeweza kuwaona ni mzazi na mwalimu wa shule iliyo kando ya barabara. Msimu unapoanza, jambo hili lisemwe mstarini, asubuhi, na lirudiwe kila wiki. Kijiji kinaweza pia kukubaliana na madereva mahali pa kuacha miwa michache kwa ajili ya watoto, mbali na barabara. Ni miwa michache mno ukilinganisha na mguu wa mtoto.

Mjini tela lina sura nyingine. Dar es Salaam, alfajiri, utaona mashine ya zege ikivutwa na pikapu kuukuu kwenda saiti: tairi ndogo za kazi ya saiti, hazina mwendo wa barabara kuu, hakuna taa, na kijana mmoja amekaa juu ya mashine kushikilia ndoo na makoleo. Mashine hiyo, jenereta na tangi la maji vina tatizo moja la ziada, nalo ni uzito. Sehemu kubwa kidogo ya uzito inatakiwa iwe mbele ya ekseli, ili mkono wa tela ukandamize kiungo kwa kiasi. Uzito ukizidi nyuma, mkono unataka kunyanyuka, na mwendo ukipanda tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi, mpaka linaikokota pikapu yenyewe. Likianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuongeza mwendo. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, liache litulie. Halafu simama upange mzigo upya. Kwa kiungo cha mpira wa chuma, hakikisha kikombe na mpira ni saizi moja. Vikipishana hata kidogo vitaonekana vimekaa vizuri hapo saiti, na kwenye shimo la kwanza vitaachana.

Anayekutana na tela naye ana kazi yake. Trekta likielekea katikati ya barabara, usidhani linakupisha kushoto. Huenda linakata kulia kuingia shambani, na dereva wake hasikii honi yako. Ajali nyingi za kupita trekta hutokea hapo hapo. Subiri umwone ametazama nyuma, au uone njia yote mbele iko wazi na hakuna kichochoro cha shamba upande wa kulia. Wa bodaboda na baiskeli: lori lenye tela linapokata kona, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakata kwa ndani. Nafasi unayoiona kati ya lori na ukingo itafungwa kabla hujatoka. Usiingie.

Karatasi nazo zina maana. Tela la barabarani linasajiliwa lenyewe na kupewa namba yake, halitumii ya gari linalolivuta. Kenya namba za matela hujulikana kwa kuanza na herufi Z. Tela lililochomelewa uani kwa ekseli ya pikapu ya zamani, bila usajili wala ukaguzi, likiua mtu, kampuni ya bima itakusomea hati yake mstari kwa mstari. Isome wewe kwanza: tafuta kama tela limetajwa. Kama halikutajwa, nenda kwa wakala kabla ya msimu.

Yule dereva wa pini ya nondo tuliongozana naye hadi duka la vipuri lililokuwa karibu. Pini mpya, na klipu yake, ilitugharimu chini ya bei ya lita kumi za dizeli. Tulinunua na stika za kung'aa, akazibandika mwenyewe, akairudisha nondo kwenye sanduku la spana. Nikamwomba anipe. Ninayo hadi leo mezani.

Kama una tela, la trekta au la lori, la zege au la maji, kesho asubuhi kabla halijatoka ichomoe pini yake uishike mkononi.